Bakhita na Uhuru wa Wana wa Mungu

Wazee wa pwani yetu walikuwa na neno la kumtenga mtu huru na mtumwa: walimwita mwungwana. Kwanza neno hilo lilimaanisha kwamba mtu hakununuliwa, wala wazazi wake hawakununuliwa. Baadaye likaja kumaanisha mtu mwenye adabu, msema kweli, asiyejikunyata mbele ya tajiri wala kumdharau maskini. Hivyo lugha yetu yenyewe yatambua kwamba mtu aweza kuwa na hati ya uhuru mkononi na uungwana asiwe nao. Na mwingine, asiye na hati yoyote, akawa mwungwana kweli kweli. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mwanamke mmoja wa namna hiyo ya pili, Mtakatifu Josephine Bakhita. Wengi wamekwisha kuona picha yake makanisani. Lakini twadhani kisa chake husimuliwa kwa haraka mno, kana kwamba mambo yalikuwa mawili tu: kwanza alikuwa mtumwa, halafu akawa mtawa. Lililo kubwa liko katikati.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika Darfur, magharibi mwa Sudani, kijijini Olgossa, kwa watu wa kabila la Wadaju. Nyumba yao haikuwa ya kimaskini. Baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji, na watoto walikuwa wengi. Nyakati hizo wawindaji wa watu walizunguka nchi ile kama fisi. Dada yake mkubwa alichukuliwa kwanza, na kilio cha mama yao siku ile hakikumtoka Bakhita masikioni maisha yake yote. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa biashara ile ilikuwaje: mwaka 1868, yaani karibu wakati ule ule, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao ya Bagamoyo, wakapokea humo watoto waliokombolewa kutoka utumwani.

Zamu ya Bakhita ikafika alipokuwa na miaka kama saba au minane. Watu wawili walimkuta shambani pamoja na rafiki yake. Wakamwambia rafiki aendelee na njia, naye wakamtuma kichakani akawaletee mzigo. Huko wakamkamata na kumtishia kwa kisu. Walipomwuliza jina lake, hofu ilimfunga ulimi asiweze kutamka neno. Basi wakampa jina la kwao, Bakhita. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, maana shina lake ni lile lile lililotupatia neno bahati. Wezi wa watoto walimwita Mwenye Bahati! Jina alilopewa na wazazi wake likamtoka kabisa akilini, wala hakulikumbuka tena mpaka kufa.

Hatutaki kuwachosha wasomaji kwa kuhesabu mateso yote, walakini mengine hatuna haki ya kuyaficha. Alitembezwa kwa miguu mamia ya kilometa hata El Obeid, akauzwa na kuuzwa tena. Usiku mmoja yeye na msichana mwenzake walipata nafasi wakatoroka. Wakakimbia porini hata wakaangukia mikononi mwa mtu aliyejifanya mwema, naye akawafungia zizini pamoja na kondoo, kisha akawauza. Katika nyumba moja alivunja chombo, na kijana wa kiume wa bwana wake akampiga hata akalala juu ya majani makavu zaidi ya mwezi bila kuweza kuinuka. Baadaye akanunuliwa na jenerali wa Kituruki, na mke wa jenerali akaagiza achanjwe chale. Mwanamke fundi wa kazi hiyo alichora kwanza michoro kwa unga mweupe, kisha akaifuata kwa wembe, kisha akasugua chumvi katika vidonda ili makovu yasipotee. Makovu hayo yalihesabiwa 114: 6 kifuani, 60 tumboni, na 48 katika mkono wa kulia. Makabila mengi ya Afrika yalichanja chale ili mtu ajulikane ni wa ukoo gani. Hizi zilikuwa chale za kumtangaza mtu kwamba hana ukoo, ni mali.

Sasa tulitazame jambo ambalo Bakhita mwenyewe alilisimulia uzeeni. Alisema kwamba tangu utotoni, hajasikia bado neno lolote la Injili, alikuwa akiutazama mwezi na nyota akijiuliza ni nani Bwana wa vitu vizuri namna ile, na akatamani sana kumwona na kumheshimu. Hakujiuliza kama yuko bwana. Mabwana aliwajua mno, na mjeledi wao aliujua. Alimtafuta yule mmoja anayestahili jina hilo. Twaona hapa mbegu ya uhuru wake wote. Mtumwa wa moyoni hufika mahali akaamini kwamba anayemmiliki ndiye mkubwa wa vyote, hata hawezi kuwaza juu yake kitu kingine. Mtoto huyu, mwenye mgongo uliopasuka, alijua kwamba jenerali hakuziumba nyota.

Mwaka 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na Callisto Legnani, makamu wa balozi wa Italia. Huyu hakumpiga, alimvika nguo na kusema naye kwa upole. Majeshi ya Mahdi yalipoukaribia mji, Legnani alijiandaa kurudi kwao, na Bakhita akamsihi amchukue. Mwezi Machi 1885 walipanda meli katika bandari ya Suakin, wakafika Genoa. Huko Legnani akamkabidhi kwa familia ya rafiki yake Augusto Michieli, kama mtu akabidhivyo zawadi. Msichana mwenyewe hakuulizwa.

Familia ya Michieli ilikaa Zianigo, karibu na mji wa Mirano, si mbali na Venice. Mwaka 1886 akazaliwa binti yao, waliyemwita Mimmina, na Bakhita akawa yaya wake. Mtoto alimpenda yaya, na yaya alimpenda mtoto. Hapo hapakuwa na mjeledi, wala njaa, wala wembe. Palikuwa na chakula, kitanda na maneno mema. Yafaa tukumbuke hayo vizuri, kwa sababu mtihani mkubwa wa Bakhita haukutoka kwa jenerali wa Kituruki. Ulitoka katika nyumba hii ya watu wema.

Alikuwapo msimamizi wa mali ya familia ile, jina lake Illuminato Checchini, Mkatoliki wa imani nyofu. Siku moja alimpa Bakhita msalaba mdogo wa fedha. Aliubusu kwanza, kisha akamweleza kwamba Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, alikufa kwa ajili yetu. Bakhita hakuelewa yote. Lakini aliuficha msalaba ule asije akanyang'anywa, na mara kwa mara aliutoa na kuutazama kwa siri. Alikuwa na makovu 114 ya kumwonyesha ni mali ya nani. Sasa alishika mkononi mfano wa Bwana mwenye makovu.

Bwana Michieli alikuwa na hoteli huko Suakin, na mkewe, Turina, alipolazimika kwenda kumfuata, mwezi Novemba 1888 Bakhita na Mimmina waliwekwa Venice, katika nyumba ya wakatekumeni iliyoongozwa na Masista Wakanosa. Hapo sista mmoja, Marietta Fabretti, alianza kumfundisha dini. Bakhita aliyapokea mafundisho hayo kama mtu anayeambiwa jina la rafiki aliyemfahamu kwa sura tu miaka mingi.

Mwaka uliofuata mama Michieli akarudi kuwachukua wote wawili. Bakhita akakataa kwenda.

Wasomaji wetu waitafakari saa ile. Anayekataa ni msichana wa miaka kama ishirini, hana fedha, hana ndugu hata mmoja barani Ulaya, lugha ya nchi aijua kwa shida. Anayemkatalia ni mwanamke aliyemlisha na kumvika, ambaye hakumtendea ukatili. Na nyuma ya mama huyo yuko Mimmina analia. Mama alibembeleza, kisha akakasirika, akamwita asiye na shukrani. Hilo ndilo neno lililomchoma, maana Bakhita alikuwa na shukrani, na kumwacha mtoto kulimvunja moyo. Hata hivyo alisimama imara. Alitaka kubatizwa, na aliogopa kwamba akirudi Afrika katika nyumba ile hataweza kuishika imani yake.

Tangu utotoni alikuwa ametii kwa sababu ya maumivu. Sasa alitakiwa kutii kwa sababu ya wema. Na kamba ya wema ni ngumu kukata kuliko mnyororo wa chuma, kwani aliyefungwa nayo huona aibu hata kusema kwamba amefungwa. Yule asiyetishika tena kwa kupigwa aweza bado kutishika kwa kuitwa mwovu na watu anaowapenda. Bakhita alilipita hilo nalo. Wala hakulipita kwa chuki. Alimkatalia mama Michieli huku akimlilia. Twathubutu kusema kwamba saa ile, kabla ya hakimu na hata kabla ya maji ya Ubatizo, neema ilikuwa imekwisha kumfanya mwungwana.

Mambo yakafika mbele ya Patriarka wa Venice na mwendesha mashtaka wa mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatolewa hukumu: sheria ya Italia haitambui utumwa, na kwa hiyo Bakhita si mtumwa wa mtu yeyote, naye ana haki ya kukaa apendapo. Maana ya hukumu hiyo ni ya ajabu. Tangu meli ilipotia nanga Genoa, miaka minne na zaidi, msichana yule alikuwa huru mbele ya sheria, na hakuna aliyemwambia. Alihudumu, alitumwa, alihamishwa kama mzigo, hali mnyororo ulikuwa umekwisha kuvunjika. Nasi tuliobatizwa tukiwa wachanga, je, hatufanani naye mara nyingi? Tumekombolewa kwa damu ya thamani kubwa, na bado twaagua ramli kwa hofu ya jirani, twatoa rushwa kwa hofu ya mkubwa, twanyamaza mbele ya udhalimu kwa hofu ya kukosa sahani ya wali.

Lakini hapa yatupasa kusema wazi jambo jingine, maana uhuru wa roho umetumiwa vibaya na wengi. Wako waliowahubiria watumwa kwamba roho zao zi huru, ili miili yao izidi kufanya kazi bure. Kanisa la Venice halikumwambia Bakhita arudi Suakin akawe huru moyoni. Masista walimsimamia, Patriarka alimsimamia, na serikali ikaitwa itoe hukumu. Uhuru wa ndani wataka mlango wa nje ufunguliwe; asiyetaka kuufungua asitutajie Injili. Twayaandika haya tukizifikiri nyumba zetu wenyewe za Kikatoliki. Yuko msichana jikoni, ametoka kijijini akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Apata chakula, apata nguo zilizochakaa za mama mwenye nyumba, na kila mtu asema kwamba aishi kama mtoto wa nyumbani. Lakini mtoto wa nyumbani huenda shule. Mtoto wa nyumbani hulijua jina lake, maana huitwa kwalo. Je, mshahara wake hulipwa mkononi mwake? Je, Jumapili ataiona Misa, au atawalinda wadogo ili sisi tuione? Akitaka kuondoka, tutamwita asiye na shukrani? Na wako binti zetu waliovuka bahari kwenda kufanya kazi za ndani ugenini, wakanyang'anywa pasipoti siku ya kwanza. Tukiwasikitikia hao na kumsahau yule wa jikoni, huruma yetu ina kengeza.

Tarehe 9 Januari 1890 Bakhita alipokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza. Katika majina aliyopewa lilikuwamo Fortunata, ambalo ni lile lile la Mwenye Bahati kwa lugha ya Kilatini. Kanisa halikulitupa jina la wezi, lililibatiza. Baadaye, kila alipopita karibu na kisima kile cha ubatizo, watu walimwona akikibusu, akisema kwamba hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu.

Na uhuru ule alioupata kwa shida namna ile aliufanyia nini? Aliutoa. Mwaka 1893 aliingia unovisi wa Wakanosa, na tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri za ufukara, usafi na utii. Mtu wa dunia hii atacheka: kumbe ametoka kwa bwana mmoja akaingia kwa mwingine! Nasi hatuoni haya kukubali kwamba ndivyo ilivyo. Kwa lahaja ya Venice, Bakhita alimwita Mungu kwa neno lile lile ambalo watumishi walimwitia tajiri wao, yaani bwana. Kiswahili chetu kimefanya vile vile: aliyenunua watu sokoni aliitwa bwana, na Yesu Kristo twamwita Bwana. Mtume Paulo, aliyewaandikia Wagalatia juu ya uhuru kwa ukali kuliko barua zake zote, ndiye pia aliyejitambulisha kuwa mtumwa wa Kristo. Asiye na bwana yeyote hayupo. Hata anayejidhania hivyo, mfuate siku mbili tu, utamwona anapokea amri kutoka kwa tumbo lake au kutoka kwa midomo ya watu. Tofauti ni hii, kwamba mabwana wa Bakhita walimnunua kwa fedha ili wamtumie, na Bwana wake wa mwisho alimnunua kwa kujitoa mwenyewe, kisha akangoja kibali chake. Nadhiri isiyotolewa kwa hiari si nadhiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliulizwa kama ataka, naye akajibu.

Mwaka 1902 alipelekwa Schio, mji wa viwanda chini ya milima, na huko ndiko alikokaa karibu miaka yake yote iliyosalia. Alipika, alishona, alidarizi, alitunza sakristia, alikuwa bawabu. Hakuna la kusimulia sana katika kazi hizo, na twadhani mwenyewe angependa tusisimulie. Watu wa mji walimwita Sista Mweusi, kwanza kwa kushangaa, baadaye kwa mapenzi. Watoto waliokuja kufundishwa walimshika mkono mlangoni. Katika miaka ya 1930, baada ya kitabu cha maisha yake kutolewa mwaka 1931, wakubwa wake walimtuma azunguke Italia ili watu wapende kazi ya misioni. Haikuwa kazi ya kupendeza kwake. Alikuwa na haya, alisema maneno machache, na alijua vema kwamba wengi walikuja kuitazama ngozi yake. Akaenda kwa utii.

Katika miaka hiyo alisema neno ambalo limewakwaza wengine: kwamba kama angekutana na wale waliomwiba na kumtesa, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu bila ya hayo yaliyompata asingekuwa Mkristo wala mtawa. Wako Waafrika wanaolisikia neno hilo kwa uchungu, wakidhani kwamba lausifu utumwa. Hatuwalaumu. Lakini aliyelisema ni yule aliyekataa kurudi hata kwa bibi mwema, akasimama mbele ya wakuu wa nchi. Hakusema kwamba walitenda vema. Alisema kwamba hawana tena deni kwake. Chuki ni kitabu cha madeni, na mwenye kukishika hulala nacho chini ya mto, asipate usingizi. Bakhita alikichoma chake, ilhali wadeni wake hawakuja kamwe kuomba radhi.

Uzee wake ulikuwa wa magonjwa, na mwishoni wa kiti cha magurudumu. Mapema mwaka 1947 akazidiwa. Na hapo likatokea jambo ambalo wenye kuandika maisha ya watakatifu kwa asali tupu wangependa kuliruka. Katika homa za mwisho alirudi utumwani. Mara kwa mara alimsihi muuguzi amlegezee minyororo, kwamba ni mizito mno. Alikuwa amekuwa huru miaka hamsini na saba, amesamehe miaka mingi, na bado mwili uliikumbuka njia ya El Obeid. Twamshukuru Mungu kwamba masista hawakulificha hilo. Wako miongoni mwa wasomaji wetu waliopigwa utotoni, au waliotendwa mabaya wasiyoweza kuyataja, nao wamesamehe, na usiku bado wanashtuka. Wasidhani kwamba msamaha wao ni bandia au kwamba imani yao ni pungufu. Neema yaweza kumweka mtu huru na kovu likabaki pale pale lilipo. Bwana mwenyewe alifufuka na makovu yake.

Kabla ya kukata roho alitulia, uso ukang'aa, akaliita jina la Bikira Maria. Ilikuwa tarehe 8 Februari 1947. Watu wa Schio walifika kwa maelfu kumwaga, na kina mama walikuja na watoto wao ili mkono wake uwekwe juu ya vichwa vyao.

Tarehe 17 Mei 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri, na mwezi Februari 1993 papa huyo huyo alifika Khartoum, katika mji alimouzwa Bakhita, akamtukuza Mungu kwa ajili yake. Tarehe 1 Oktoba 2000 akamtangaza Mtakatifu. Tangu mwaka 2015 Kanisa lote laitumia sikukuu yake, tarehe 8 Februari, kuwaombea watu wanaouzwa hata leo. Jina ambalo mama yake alimwitia halikupatikana. Kalenda yetu yamtaja kwa jina lile alilopewa kichakani.